Huwa Yupo

Mnamjua yule wangu wa mwisho. Maswali yake hayana saa. Juzi usiku nimeshazima taa, nimeshamtakia usiku mwema, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo akauliza: "Mama, ile pia ilianguka au haikuanguka?"

Sikuhitaji kuuliza pia ipi. Jioni ile kaka zake walikuwa wanaangalia Inception, naye nilidhani amesinzia kwenye kochi. Kumbe alifumba jicho moja tu. Nikamwambia alale, tutaongea kesho. Yeye akalala. Aliyekesha ni mimi.

Filamu yenyewe ilitoka 2010. Sisi tuliiona mwaka uliofuata, miezi minne baada ya Mama. Mdogo wangu ndiye aliyeileta, akisema nyumba imekuwa kimya mno, risasi na magari ya kukimbizana yatatuchangamsha. Hakuwa ameiona. Hakujua kwamba katikati ya risasi zote hizo yumo mwanamume aliyefiwa na mkewe.

Kwa ambao hawajaiona, nitakimbia: Cobb, yaani Leonardo DiCaprio, ni mwizi anayeingia kwenye ndoto za watu. Zamani yeye na mkewe Mal walizama kwenye ndoto ndefu mno, wakazeekea humo. Mal akasahau kuwa ni ndoto. Ili kumtoa, Cobb akampandia wazo kichwani, kwamba dunia hii si ya kweli. Wakaamka, lakini wazo liliamka naye. Mal akaja kujirusha dirishani ili "aamke" tena. Tangu hapo Cobb hawezi kuota bila mkewe kutokea na kumharibia kazi, mara kwa kisu, mara kwa bastola. Pia ile ndogo ndiyo kipimo chake: ikizunguka bila kukoma, yumo ndotoni; ikianguka, yu macho.

Mal alipoketi kwenye kingo ya dirisha, kiatu kimoja kikamponyoka, mimi na mdogo wangu tukatazamana. Nilitaka kuzima. Nikamgeukia Baba: yuko kwenye kiti chake, kichwa kimeegama nyuma, macho yamefumbwa, mikono imekutana juu ya tumbo. Amelala, tukajiambia. Afadhali.

Mwisho wake mnaujua hata msioiona. Cobb anarudi nyumbani, anaizungusha pia mezani, watoto wake wanageuka akawaona nyuso, naye anaiacha pia anawaendea. Kamera inarudi kwenye pia. Inazunguka. Inayumba kidogo, kidogo sana. Giza.

"Umeme!" mdogo wangu akaruka.

Kisha tukaona kataa kekundu ka deki kanawaka, na majina ya waigizaji yakaanza kutokea.

Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Mara ya nne alikuwa amepiga magoti, sikio limegusa spika, anaapa kwamba mlio wa pia unabadilika sekunde ya mwisho, kwa hiyo imeanguka. Mimi nikawa upande wa ndoto, sijui kwa nini, labda kwa kuwa upande wa pili ulishachukuliwa. Nikamwambia pia ile haina maana yoyote, kwanza si yake. Ilikuwa ya Mal. Ndani ya filamu wanasema wazi kwamba kitu chako cha kupimia ndoto asikiguse mtu mwingine, uzito wake uujue wewe peke yako, na huyu bwana anatembea na cha marehemu, tena kila mtu kaelezwa siri yake! Ni kama kujipima homa kwa kipimajoto cha mwenzio, tena kilichopasuka. Na watoto? Mbona wameinama vilevile, na nguo zilezile, kama kwenye kumbukumbu zake? (Baadaye nilikuja kusoma kwamba nguo si zilezile, na kwamba watoto waliigizwa na jozi mbili tofauti, ya mwisho ikiwa na umri mkubwa kidogo. Usiku ule sikuyajua. Na ningeyajua nisingeyasema, maana nilitaka kushinda.)

Sauti zikapanda. Tulikuwa hatujagombana hata mara moja kwa miezi minne. Tulikuwa tunapishana ndani ya nyumba ile kwa adabu, samahani na tafadhali, kama wageni. Sasa tulikuwa tunafokeana kwa ajili ya kipande cha chuma kisichofika urefu wa kidole, na nakiri kwamba nilikuwa najisikia vizuri.

"Rudisheni."

Baba hakuinua kichwa. Alisema tena: "Rudisheni. Si hapo kwenye kidude chenu. Pale anapoingia nyumbani."

Mdogo wangu akarudisha.

Baba akajivuta mbele kitini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, kioo cha kulia kwanza, halafu cha kushoto, akaivaa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kabla ya kufungua barua. Filamu ikaanza kwenda nami sikuiangalia, nilimwangalia yeye. Mwanga wa skrini ulikuwa unambadilika usoni. Pia ilipowekwa mezani, macho yake hayakuishia hapo. Yalimfuata yule mwanamume hadi mlangoni, yakawapita watoto, yakarudi ndani. Yakaenda kwenye meza, kwenye kona, kwenye mlango wa nyuma, taratibu, kama ya mtu aliyeingia kwenye ukumbi uliojaa watu akitafuta alikokaa mwenzake.

Giza likaja.

"Mkewe yuko wapi?"

"Alikufa, Baba," nikasema. "Ulikuwa umelala. Alijirusha kule..."

"Najua alikufa. Nimeuliza hapa yuko wapi."

Tukatazamana. "Hapa hayupo," mdogo wangu akajibu.

"Basi si ndoto." Akashika mikono ya kiti, akaanza kuinuka. "Ingekuwa ndoto angekuwepo. Huwa yupo."

Alisema bila huzuni yoyote. Alisema kama mtu uliyemuuliza saa akakutajia. Akasimama kidogo kuzoesha magoti, akatutakia usiku mwema, akaenda zake chumbani, nasi tukasikia mlango unafungwa.

Diski ilikuwa imerudi mwanzo, muziki ule mzito unajirudia, unajirudia. Mdogo wangu akaupunguza. Muda ukapita. "Kwa hiyo ilianguka," akanong'ona, halafu akaona aibu kusema hivyo. Hatukucheka. Sasa nacheka.

Tangu siku ile nimesoma tafsiri nyingi za mwisho ule, nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi na watoto. Wapo wa pete: Cobb huvaa pete ya ndoa ndotoni tu, akiwa macho hana, na mwishoni hana. Wapo wanaomtegemea Michael Caine, anayempokea Cobb uwanja wa ndege. Mwaka 2018 Caine alisimulia kwamba hakuelewa wapi ni ndoto na wapi si ndoto, akamuuliza mwongozaji, Christopher Nolan, akajibiwa kwamba ukiwemo wewe, ni kweli. Naye Nolan, akihutubia wahitimu wa Princeton mwaka 2015, aliikwepa pia yote: la maana, alisema, ni kwamba Cobb yuko na watoto wake na hajali tena. Na sisi tunaosema Kiswahili tulishawekewa mtego ndani ya neno lenyewe. Ilianguka, pia haikuanguka.

Pete ndiyo inayoikaribia hoja ya Baba, ila Baba hakutazama kidole. Alimtafuta mtu.

Tatizo ni kwamba hoja yake ina tundu. Niliiangalia tena peke yangu wiki chache baadaye, na tundu likajionyesha. Kabla ya kurudi nyumbani Cobb anamuaga Mal kule chini kabisa ndotoni. Anamwambia yeye ni kivuli tu cha mke wake wa kweli, na kwamba lazima amwache aende. Sasa, kama alimwacha kweli, basi Mal hatatokea tena hata kwenye ndoto. Kutokuwepo kwake pale mezani hakuthibitishi chochote. Inawezekana bado ni ndoto, ila ni ndoto ya mtu aliyekwisha kuaga.

Hili sikuwahi kumwambia Baba. Mimi niliyetaka kushinda kwa udi na uvumba nilikuwa na hoja mkononi, nikaikalia. Ningemwambiaje? Kwamba inawezekana mtu akaota na mwenyewe asiwepo?

Wala sikumuuliza alilolisema. Hakusema "alikuwepo", hakusema "nilimwona juzi". Alisema *huwa*. Huwa yupo wapi, Baba? Amekaa, amesimama? Huwa anasema neno? Nitakiri na hili: kwangu hakuwa anakuja. Nilikuwa nalala kwa matumaini, naamka mtupu, na usiku ule sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa ni wivu mtupu. Kwa hesabu ya filamu yenyewe, dakika 5 za usingizi ni saa nzima ndotoni. Baba alisinzia kama dakika 40 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Jana asubuhi yule wangu hakungoja nimjibu. Alichukua simu, akampigia babu yake. Nilikuwa karibu, nikangoja kumsikia mzee akiuliza pia gani, filamu gani, maana siku hizi hata majina ya wajukuu huyapitia yote kabla ya kufika kwenye lenyewe.

"Ilianguka," sauti ya Baba ikatoka kwenye simu, papo hapo. "Mimi mwenyewe niliiona."

Mtoto akanipa simu kwa dharau ya mshindi, akaondoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu kimya, pumzi zake tu. Swali nilikuwa nalo mdomoni, limekaa humo miaka yote hiyo.

"Umelala vizuri?" nikauliza.

"Vizuri," akasema. "Siku hizi nalala mapema."