Kati ya Kisleu na Nisani: kumsikiliza aliyehamishwa

Somo la juma: Nehemia 1:1 hadi 2:16, 7:61–69

Wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi.

Sehemu kubwa ya kitabu cha Nehemia ni maelezo ya mtu anayesema "mimi". Yuko Shushani, mnyweshaji wa mfalme, Myahudi aliye mbali na mji wa baba zake, na anapata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketea. Alizisikia mwezi wa Kisleu wa kalenda ya Kiyahudi. Kwa mfalme alikuja kusema mwezi wa Nisani. Hapo katikati ipo kama miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba, naye haifichi. Hata siku mfalme alipomuuliza mbona uso wake una huzuni, Nehemia anaandika wazi kwamba aliogopa sana.

Shuhuda zetu nyingi za Jumapili huiruka miezi hiyo minne. Mtu anasimama, anasema walihamishwa, wakateseka, lakini Mungu ni mwema, makofi, anakaa. Mungu ni mwema kweli. Lakini yule wa benchi la nyuma, ambaye mwaka huu yuko Kisleu, bado analia na kungoja, ametoka mikono mitupu. Hakuambiwa familia ile ilikula nini mwezi wa pili, ililala kwa nani, ni jirani gani aliyewaazima jembe la kwanza. Neema ya Mungu ilipita kwenye hayo, na ndiyo tuliyoyakata.

Kanda yetu ya ziwa imejaa watu wa Kisleu. Wapo waliohamishwa kati ya 1973 na 1976 na Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu kwenye vijiji vipya. Wapo waliokuwa watoto pale Ziwa Victoria lilipopanda kwa zaidi ya mita mbili baada ya mvua za 1961 na kumeza mashamba ya pwani, na wapo ambao nyumba zao ziliingia maji lilipopanda tena mwaka 2020. Wapo waliokimbia vita nchi jirani wakaishia kwetu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amevuka sabini. Ndiyo maana tunaomba kila jumuiya juma hili imchague mzee mmoja aliye tayari, imsikilize, na iandike.

Usianze kwa kumuuliza alijisikiaje. Atakupa jibu la adabu na mazungumzo yatakufa hapo. Anza na mahali, kama Nehemia. Usiku ule wa sura ya 2 anazunguka mji, anataja lango la bondeni, kisima cha joka, lango la jaa, mpaka pale ambapo mnyama aliyempanda alikosa nafasi ya kupita. Kwa mambo hayo tunaamini kwamba alikuwepo. Basi muulize mzee: mlango wa nyumba yenu ulitazama wapi? Maji mliteka wapi? Boma lilizungushiwa minyaa au miiba? Makaburi yalikuwa upande gani? Mpe fimbo achore chini, wewe unakili kwenye daftari. Minyaa huishi muda mrefu baada ya nyumba kuanguka, kwa hiyo mara nyingi mzee bado anaweza kuonyesha mahame yao kwa kidole.

Kisha uliza siku ya kuhama: mlibeba nini, nani alibeba, nini kilibaki? Hapa usiharakishe hata kidogo. Jiwe la kusagia ni zito, chakula kilichomo ghalani hakihamishiki kwa safari moja, kuku hutawanyika, na wafu hawachukuliki. Bibi akianza kueleza jiwe la kusagia lililoachwa mlangoni, uchungu utakuja wenyewe bila kuuitwa, na utakuja kwa maneno yake mwenyewe.

Miaka huchanganyika, wala si uongo. Usibishane na mzee juu ya tarehe. Ishikize kwenye jambo linalojulikana. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya vita vya Kagera vya 1978? Mtoto yupi alikuwa ananyonya? Ukijua mwaka aliozaliwa mtoto huyo, umepata mwaka.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iweke kwenye hali ya ndegeni, maana simu ikiingia katikati inaweza kukata sauti. Kaeni mbali na redio, na msikae chini ya bati wakati wa mvua. Jaribuni dakika moja kwanza, sikilizeni, ndipo muanze. Saa moja inatosha kwa siku moja. Mzee akichoka huanza kufupisha. Saa hiyo moja itawagharimu kama saa nne au tano za kuandika, hivyo gawaneni kazi.

Makosa yanayoharibu zaidi ni ya msikilizaji. Anauliza "mliogopa sana, eh?" naye mzee anakubali ili asimkatishe tamaa. Anamalizia sentensi. Anaogopa kimya, anakijaza kwa "Bwana asifiwe", na kile kilichokuwa kinakuja kinarudi ndani. Kama mzee anazungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita, mwacheni aseme hivyo hivyo, rekodini yote, tafsirini baadaye. Mjukuu anayetafsiri papo hapo hugeuza dakika tano kuwa maneno kumi. Msimvute mtu hadi pale asipotaka kwenda. Akisema "tuyaache hayo", zima simu, kaa naye.

Kuna jambo la sura ya 7 ambalo wengi huliruka kwa sababu ni orodha tupu ya majina. Nehemia ananukuu hesabu ya waliorudi kutoka uhamishoni, watu 42,360, na hata punda, 6,720. Waliokuja bila kuweza kuthibitisha ukoo wao, 642, wameandikwa nao. Sisi wa Mwanza tunajua kukosa orodha kunavyouma. Meli ya abiria MV Bukoba ilipozama ziwani tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Wengi wamezikwa Igoma. Kwa baadhi yao, mahali pekee ambapo jina lao linaweza kutajwa pamoja na siku ile ni kwenye kumbukumbu ya aliyenusurika, au ya aliyesubiri bandarini. Kwa hiyo uliza majina. Ulikaa karibu na nani? Nani alikuwa na mtoto mgongoni? Andika jina hata kama ni moja tu, "mama Neema", na andika alikotoka.

Mkimaliza kuandika, msomeeni mzee yote kwa sauti kabla mtu mwingine hajasikia. Atasahihisha, ataongeza, na huenda ataomba jina fulani litolewe, litoeni. Mambo ya aliyemuumiza, akiwa hai au wanawe wakiwa jirani, yasisomwe kanisani bila kufikiriwa na wazee. Msiongeze muujiza ambao hakuusema. Kama mwisho wake bado ni mzito, uacheni hivyo. Naomi alirudi Bethlehemu akasema aitwe Mara, yaani uchungu, na Maandiko hayakumkatiza.

Andikeni nakala mbili kwa kalamu ya wino, kurasa zikiwa na namba. Moja ibaki kwa familia, moja jumuiya, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali ili mchwa wasilifikie. Sauti ihamishiwe kwenye simu ya pili siku hiyo hiyo. Juu ya ukurasa wa kwanza mzee aandike, au aweke dole gumba, nani anaruhusiwa kusoma na kuanzia lini. Akisema wajukuu tu, basi ni wajukuu tu, na jumuiya itamwombea bila kusoma.