Haiumwi Redio

Mwaka 2018, msimu ule ambao serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo, mimi nilikuwa na duka dogo la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini. Nilikuwa pia na gari ambalo mwenye duka la aina ile hana sababu ya kuwa nalo.

Toyota Mark II ya mwaka 1994, Tourer V, wenyewe tunaita JZX90. Kwa nje ni saluni ya mwalimu mkuu aliyekaribia kustaafu. Fungua boneti ndipo utakutana na 1JZ-GTE: silinda 6 zimepanga mstari, cc 2,492, tabo mbili ndogo zinazoshindilia hewa ndani ya injini kwa pamoja, nguvu za farasi 280. Hizo 280 ni za kwenye makaratasi, kwa sababu zama zile kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana zisitangaze zaidi ya hapo. Zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Mvua ikinyesha barabara ya Mikindani unashika usukani kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Mke wangu aliliita mke mwenzie. Nikirudi kutoka gereji jioni swali lake lilikuwa moja tu: "Mke mwenzangu leo kala nini?"

Mwezi wa nane biashara ikiwa imelala, niliamua kulishughulikia mwenyewe. Lilikuwa likivujisha oili juu ya injini, inaingia kwenye visima vya plagi, ugonjwa wa kawaida wa injini hizi zikizeeka, maana zile gasketi za vifuniko vya juu hukauka zikawa ngumu kama ganda la muhogo. Nikafungua, nikatoa koili zote 6, zile zinazopeleka moto kwenye plagi, nikafuta visima kwa tambara na petroli, nikaweka gasketi mpya. Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu na mpaka leo naisifu. Hakuna tone lililotoka tena.

Ningeishia hapo. Lakini vifuniko vilikuwa viko mezani, vimekwanguka, vina rangi ya sufuria iliyoungua, na mimi nilikuwa na makopo ya rangi ya kupuliza dukani. Nyekundu. Nikapuliza vifuniko, vikapendeza. Vilipopendeza, menifoldi ya hewa iliyo pembeni yake ikaonekana chafu, nikaipuliza nayo. Niliporudisha kila kitu nilipiga picha nikawatumia jamaa zangu wa Dar. Wakasifu. Kwa wiki kadhaa kila aliyeniuliza saa nilimfungulia boneti.

Mwezi wa tisa likaanza kumisi.

Halikumisi hovyo, na hapo ndipo adha yake. Ukienda taratibu kutoka Shangani mpaka sokoni hakuna gari tulivu kama lile. Ukitoka nje ya mji ukakanyaga, tabo zikianza kusukuma hewa, linashtuka mbele nyuma kama punda aliyeona nyoka, na eksozi inapiga mishindo. Ukiachia mguu, limetulia. Ukikanyaga tena, punda kaona nyoka.

Anayejua injini za tabo atakwambia mara moja: moto. Hewa ikishindiliwa ndani ya silinda, cheche ya plagi inapata taabu kuruka ule mwanya mdogo, kwa hiyo udhaifu wowote wa umeme hujificha ukienda polepole na kujitokeza ukidai nguvu. Nami nilijua hivyo. Nikachukua kipande cha waya, nikakiunganisha kwenye kile kiboksi cha plastiki cha kupimia kando ya injini, tundu la TE1 na la E1, nikawasha swichi bila kupiga stata, nikakaa kuhesabu taa ya injini inavyokonyeza kwenye dashibodi. Mara moja. Kimya. Mara nne. Kimya kirefu. Mara moja. Mara nne.

Namba 14 ya ugonjwa. Kompyuta ya injini ikitaka plagi iwake hutuma amri kwa ignaita, kile kiboksi kinachogawa moto kwa koili, na ignaita ikishatimiza hurudisha jibu. Namba 14 maana yake kompyuta imepiga hodi, haikusikia karibu. Haisemi kama mwenye nyumba amekufa, amesafiri, au ameitikia ila sauti haikufika. Mimi na fundi wangu tukaamua amekufa.

Fundi wangu ni mtu mzuri na hodari wa kushusha injini, lakini kwenye umeme ana falsafa moja, nayo ni "tubadilishe tuone". Tukabadilisha plagi tukaona. Nikapunguza mwanya wa plagi kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, likatulia siku mbili, tukapongezana, siku ya tatu likarudia. Nikaagiza koili za mtumba Ilala, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye boksi la biskuti. Tukaona. Nikaagiza ignaita: laki tatu na nusu pamoja na nauli ya mzigo. Tukaona. Fundi akakuna kichwa akasema imebaki kompyuta yenyewe.

Na kompyuta ningeiagiza, wala sijifichi. Kilichonizuia ni korosho. Ule msimu jeshi ndilo lililopewa kazi ya kuzisomba, na kabla mkulima hajalipwa ilibidi ahakikiwe, ionekane kwamba korosho ni za shamba lake na si za kangomba, yaani zilizonunuliwa kwa magendo kutoka kwa wakulima. Uhakiki ukachukua muda wake. Kusini kwetu mkulima asipolipwa hakuna anayelipwa: si mwenye duka la kanga, si mwenye bodaboda, si mimi. Daftari la madeni likanenepa kuliko lile la mauzo. Kila niliyemuuliza jibu lilikuwa "korosho zikilipwa, kaka." Kompyuta ikabaki Dar.

Desemba nikaenda mpaka Mnazi Mmoja, ile ya Lindi, kudai pesa ya mabati. Nikapewa maji ya kunywa na maembe, pesa sikupewa. Narudi zangu jioni, kabla ya kufika Mikindani, nikakuta magari ya jeshi yameongozana, yamejaa magunia, yanapanda polepole. Mbele nikaona peupe. Nikashusha gia, nikatoka, nikakanyaga.

Nilikuwa nimelipita lori la kwanza, niko ubavuni mwa la pili, ndipo punda alipoona nyoka. Gari likashtuka mara mbili, mishindo ikapiga, nguvu zikaisha kama mtu aliyezima swichi. Na kule mbele, juu ya mwinuko, basi likachomoza. Nakumbuka askari aliyekaa juu ya magunia akinitazama chini, uso wake hauna hasira wala huruma, anataka tu kujua nitafanyaje. Nilikanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori kwa nafasi ambayo mpaka leo sijui ilitosha vipi. Basi likapita likipiga honi ndefu.

Mikindani nikasimama kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka. Nikapaki chini ya mwarobaini, karibu na baraza moja ya nyumba ya kizamani, ile mitaa ya chini usawa wa maji. Nikanunua kahawa. Ndipo nikaona kwamba barazani pale ni kwa fundi redio: mzee wa kanzu iliyofifia na miwani iliyofungwa uzi, meza imejaa redio zilizopasuliwa matumbo, pasi ya kuchomelea risasi inafuka moshi.

Nikakumbuka redio yangu. Nayo ilikuwa na kero yake ndogo, tangu miezi ile ile, ambayo sikuwahi kumwambia fundi kwa kuwa niliona ni aibu kuongelea redio mbele ya mtu anayetafuta ugonjwa wa injini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole, nimeona ulivyosimama."

"Nimeshapoa. Hebu nitazamie redio ya gari. Inalia kama nyenje. Nikikanyaga mafuta inalia kwa sauti nyembamba zaidi."

"Gari likiwa limezimwa inalia?"

"Hapana. Inaimba vizuri tu."

"Basi haiumwi redio," akasema, akaweka pasi pembeni na kuvaa kandambili.

Alivyofanya kazi nilibaki namtazama tu. Alichomoa waya wa antena, akaniambia nikanyage: nyenje yupo. "Haji na hewa huyo," akasema. Akachukua waya mrefu, ncha moja akaigusisha kwenye bati la redio, nyingine akanipa nikaishike kwenye kichwa cha hasi cha betri. Akamwita kijana wa kahawa akanyage mafuta. Nyenje akanyamaza. Nilipoondoa waya, akaanza tena. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la mwizi anayemjua siku nyingi.

Kisha akaomba boneti. Kwa mazoea nikaifungua kwa mbwembwe nikasubiri asifu. Hakusema kitu. Alikuwa na testa ya mshale ya kupimia volti, ya zamani, kioo chake kimepasuka pembeni. Akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, ya pili akaanza kuitembeza: kwenye bloku ya injini, mshale umelala. Kwenye bodi, ukanyanyuka kidogo. Halafu akainama zaidi, akaingiza mkono nyuma ya menifoldi, pale ambapo boliti moja ya namba 10 inakamata macho ya nyaya za hasi za kompyuta pamoja na ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi. Akagusa jicho la waya. Mshale ukapanda, ukakaribia volti 1, ukawa unatetemeka hapo kila injini ilipozunguka.

"Hapa pangekuwa sifuri," akasema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hii rangi umepaka lini?"

Nilihisi masikio yanapata moto.

"Mwezi wa nane."

"Na hawa nyenje?"

"Wa tisa."

Hakucheka, na ningependa angecheka. "Rangi haipitishi umeme, mwanangu. Ulifunga waya juu ya rangi. Siku za mwanzo ulipitia kwenye meno ya boliti. Sasa boliti nayo chumvi imeshaila." Akaelekeza kidevu kwenye maji ya bahari, hatua chache kutoka tulipokuwa.

Nikasimama pale nikiipanga upya miezi mitatu. Sensa za injini ile huzungumza na kompyuta kwa volti kati ya 0 na 5. Ukiinua sakafu yake kwa volti 1, kila kompyuta inachoambiwa ni uongo. Ignaita ilikuwa ikiitikia siku zote. Karibu ilisemwa, ila mlangoni nilikuwa nimepuliza rangi. Na tabo zinapoanza kusukuma, moto unapotakiwa kwa nguvu, ndipo umeme mwingi unahitaji kurudi kwa njia ile ile iliyozibwa. Laki tatu na nusu ya ignaita. Koili kwenye boksi la biskuti. Basi kwenye mwinuko.

Mzee alinipa spana na kipande cha msasa, maana mgongo wake haukumruhusu kuinama muda mrefu. Nikafungua boliti, ilitoka na unga wa kijani na kahawia. Nikasugua menifoldi yangu nzuri mpaka rangi nyekundu ikatoka ikaingia chini ya kucha, mpaka aluminiamu ikang'aa duara la ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Nikasugua macho ya nyaya, pande zote mbili. Akaniletea boliti nyingine kutoka kwenye kopo la maziwa, akapaka grisi kidogo juu baada ya kukaza. Waya wa hasi unaoshika bodi karibu na betri nao tukausugua. Ulikuwa na kutu ya kutosha. Akapima tena. Mshale ukalala.

"Washa."

Nikawasha. Akaingia kiti cha abiria, akafungua redio, akainamisha sikio kwenye spika kama daktari kwenye kifua cha mtoto, akanyoosha kidole juu nikanyage. Nikakanyaga. Taarabu tupu. Nikakanyaga mpaka mizunguko 5,000, watu wa baraza ya pili wakageuka. Taarabu tupu.

"Redio yako imepona. Elfu tano."

Nikampa kumi. Nikamwambia, huku nataka kumkumbatia, kwamba injini nayo ilikuwa inamisi, kwamba nimebadilisha hiki na kile, kwamba nadhani ni hicho hicho.

"Hayo ya injini siyajui," akasema, akishuka taratibu kwa kushika mlango. "Mimi fundi redio."

Badala ya kwenda nyumbani nikageuza nikarudi nilikotoka, kwenye mwinuko ule ule. Barabara ilikuwa tupu, magari ya jeshi yalishapita. Nikashusha gia ya tatu nikakanyaga mpaka sakafuni. Tabo zikavuta pumzi, mshale wa mizunguko ukapanda bila kusita, kiti kikanisukuma mgongoni kama siku niliyolinunua, na juu ya mwinuko nikaachia mguu nikiwa nacheka peke yangu ndani ya gari.

Nilipopita tena pale barazani nikapiga honi. Mzee alikuwa ameinamia redio ya mtu mwingine, hakuinua kichwa.

Nyumbani mke wangu alikuwa anachambua mboga. Akaniangalia kucha.

"Mke mwenzangu leo kala nini?"

"Elfu kumi," nikasema, nikaenda kunawa kabla hajaniuliza ya ile laki tatu na nusu.