Karanga, Maji ya Mwisho

Kambi ya Mti Mkubwa, kama mita 2,700. Jioni.

Mvua imekatika lakini msitu bado unadondosha. Njia ya Lemosho inaingia Kilimanjaro kwa upande wa magharibi, na siku ya kwanza yote ni miti mirefu, tope, na ndevu za kijani zinazoning'inia matawini. Mgeni wa mlima hapa hudhani adui wa safari ni kulowana. Kwa leo ana haki. Nguo za kulalia na soksi za akiba zikilowa usiku wa kwanza, hakuna jua la kuaminika la kuzikausha hadi kambi ya Shira, juu ya msitu. Kwa hiyo ndani ya begi hutangulizwa mfuko mzito usiopitisha maji, nguo zikaingia humo, mdomo ukasokotwa na kukunjwa mara tatu. Kifuniko cha nje peke yake hakifai kitu, maana maji huteremkia mgongoni na kuingia kwa nyuma. Vile vimfuko vyepesi vya dukani vimepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata visingepigwa, vinachanika siku ya pili.

Baada ya siku tano hesabu inageuka. Maji yaliyotusumbua hapa kwa wingi wake tutakuwa tunayabeba kichwani, tukiyapima kwa kikombe. Nimeamua shajara hii ifuate maji, kwa sababu ukiondoa kutembea, karibu kila kazi ya kambini inazunguka humo: kuyachota, kuyachemsha, kuyanywa, kuyazuia yasigande, na kuyatoa mwilini saa nane usiku huku zipu ya hema imegoma.

Shira, mita 3,500 na kupanda kidogo.

Miti imeisha. Vijito vipo, ila miezi mikavu, Agosti hadi Oktoba, hupungua, na wagumu hulazimika kwenda mbali zaidi na kambi. Wagumu ndilo jina wanaloitana wapagazi wenyewe. Mgumu anafika kambini na mzigo wake wa kilo 20, ambao ndio ukomo uliowekwa na kupimwa kwa mizani getini, anautua, anasimamisha hema, kisha anachukua dumu na kutafuta kijito. Mtalii anafika saa moja baadaye, anakuta beseni la maji ya moto ya kunawa mbele ya hema. Beseni lile lina lita mbili tu, na kwa lita mbili mtu anaosha uso, shingo, makwapa na miguu, kwa mpangilio huohuo. Anayeanza na miguu atajijua.

Maji ya kijito yanaonekana safi kama kioo, na hilo ndilo kosa. Juu ya kijito kuna kambi nyingine, na juu ya kambi kuna choo. Ya kunywa huchemshwa mpaka yatokote kwelikweli, kisha yaachwe kwenye moto dakika 3. Huku juu maji hutokota kabla hayajafika nyuzi 100: hupungua kama nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo hapa ni karibu nyuzi 88 na kwenye kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, ni 84 au 85. Wapo wanaoogopa kwamba hayo "hayajaiva". Yameiva, kwa vijidudu vya tumbo joto hilo linatosha. Vidonge vya klorini navyo vinafanya kazi, ila kwenye maji baridi namna hii nusu saa iliyoandikwa kwenye pakiti haitoshi, ngoja saa nzima. Vichujio vya kubana kwa mkono vina ugonjwa wao: vikishatumika hubaki na maji ndani, usiku maji yanaganda, nyuzi za ndani zinapasuka, na asubuhi kichujio kinapitisha kila kitu bila kuonyesha dalili yoyote. Mwenye nacho alale nacho.

Jambo ambalo wapishi wa mlimani wanalijua bila kusoma fizikia ni maharage. Maharage makavu hayaivi Shira. Unaweza kumaliza mtungi wa gesi na bado yakawa yanagonga meno, kwa sababu maji hayapati moto zaidi hata ukiongeza mwali. Ama yachemshwe Moshi kabla ya safari, ama yaingie kwenye sufuria ya presha. Wali unaiva kwa taabu, na asiyeufunika vizuri atakula wenye kiini. Lakini ugali unaiva. Wanga wa mahindi huanza kuvimba na kushikana kwenye nyuzi 70 hivi, na hapa tunazo 88. Ndiyo maana sufuria la wagumu jioni ni ugali, kabichi na mchuzi wa nyama au dagaa, tena huiva kabla supu ya wageni haijamalizika. Chai ndiyo inayoteseka, majani hayatoi rangi upesi. Ongeza tangawizi, acha ichemke muda mrefu, usilalamike.

Gesi nayo ina vituko vyake. Kuni haziruhusiwi mlimani, kwa hiyo kila kitu kinategemea mtungi. Baridi ikizidi, gesi ndani ya mtungi inakuwa mvivu kugeuka mvuke, mwali unashuka na mpishi anadhani mtungi umekwisha. Uinue kutoka kwenye jiwe, uweke juu ya kipande cha godoro, au uusimamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Usiusogeze karibu na moto. Na hema la jiko lisifungwe kabisa hata baridi iwe kali namna gani: hewa yenye sumu ya jiko haina harufu, na watu wamelala usingizi wa moja kwa moja kwa kutaka joto kidogo.

Barranco, mita 3,960 hivi.

Leo njia imepita Lava Tower, mita 4,600 na ushee, kisha ikateremka kulala hapa. Mgeni huona kama hasara: kupanda kutwa nzima halafu jioni uko karibu palepale ulipoamkia. Hiyo ndiyo siku yenye faida kuliko zote. Mwili umeonja hewa nyembamba saa chache, ukarudishwa chini kulala, na usiku unajirekebisha.

Barranco ina maji mengi, na miti ya ajabu ya senesio iliyosimama kama watu waliovaa makoti ya majani makavu. Koti lile ni la kazi: majani yaliyokufa hayadondoki, yanalikinga shina lisigande. Lobelia iliyo jirani yake hufunga majani usiku juu ya chipukizi. Mimea ya hapa imeshajua kwamba kila usiku ni kipupwe na kila mchana ni jua.

Hapa ndipo inapobidi kusema jambo kuhusu kunywa. Mlimani ushauri wa kwanza kwa kila maradhi ni "kunywa maji". Kichwa kinauma, kunywa. Huna hamu ya kula, kunywa. Kunywa ni lazima, lita 3 hadi 4 kwa siku pamoja na chai na supu, kwa sababu hewa hii kavu inatoa maji mwilini kwa kila pumzi na baridi inakunyima kiu. Lakini maji hayatibu ugonjwa wa kimo, ule unaoletwa na hewa nyembamba. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au kizunguzungu, dawa ni kutopanda zaidi mpaka dalili ziishe, na zikizidi, kushuka. Anayeyumba akiambiwa atembee kisigino kwa kidole juu ya mstari, au anayehema akiwa amekaa tu na kukohoa, huyo anashushwa usiku huohuo, hangojewi kupambazuke. Na anayekunywa lita sita bila chumvi anajitafutia ugonjwa mwingine, maana damu inazimuka, naye anaanza kuumwa kichwa kilekile alichokuwa anakikimbia. Supu yenye chumvi kabla ya chakula cha jioni si mapambo ya meza. Pakiti ya chumvichumvi ya maduka ya dawa, ile ya lita moja, ifunguliwe siku ya tumbo kuharibika.

Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa wa njano iliyofifia, uko salama. Ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa tangu asubuhi. Wanaotumia Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa kimo, watatoka hemani mara tatu au nne, hilo ni tabia ya dawa. Chupa ya kukojolea ndani ya hema inaokoa usingizi, ila ifungwe utepe mzito shingoni, ili vidole viitambue gizani. Sababu ya tahadhari hiyo haihitaji maelezo.

Karanga, kama mita 4,000.

Mtu wa Moshi akisikia Karanga hafikirii njugu, anafikiria mto. Unapita mjini kule chini, na huku juu ni kijito kilichojificha bondeni kati ya majabali. Ukitoka Barranco unapanda ule ukuta wa mawe, mita 250 hivi, mikono ikisaidia miguu, fimbo zikiwa zimefungwa begini, halafu njia inapanda na kushuka mpaka inakutumbukiza kwenye bonde la Karanga. Kambi iko ng'ambo, juu ya mteremko mkali. Ukivuka kijito umevuka maji ya mwisho. Barafu, licha ya jina lake, haina tone. Njia ya Marangu nayo iko hivyohivyo, maji yanaishia mbali chini ya Kibo, na kibanda cha Kibo kinanywa yaliyobebwa.

Kwa hiyo jioni ya Karanga ni ya hesabu. Tuchukue wageni wanne na wahudumu kumi na wanne. Mgeni anahitaji lita 3 za usiku wa kileleni na nyingine 2 za chai, supu na kunywa mchana: hizo ni 20. Wahudumu, kunywa na kupika, lita 3 kila mmoja: 42. Uji wa usiku wa manane, kusuuza vyombo, na chakula cha waliorudi kutoka kileleni wakiwa hoi: usiweke chini ya 18. Jumla lita 80, yaani madumu manne ya lita 20. Lakini dumu lililojaa lina kilo 20 za maji na kilo nzima ya plastiki, tayari limevuka ukomo. Likijazwa 18 linaingia kwenye kanuni na halimwagiki njiani, kwa hiyo madumu yanakuwa manne na nusu, tuseme matano. Hao ni watu watano wasiobeba hema wala chakula. Kama kikosi hakikuhesabu hivyo tangu getini, watu haohao watapeleka mizigo Barafu, watateremka tena Karanga na kupanda na maji, kilomita nne kila upande, mita zaidi ya 600 za kupanda. Ukiona mgumu anapanda Barafu saa kumi alasiri na ngata kichwani na dumu juu yake, ujue mahali fulani hesabu ilikosewa, na aliyeikosea siye anayeilipa.

Basi omba beseni la kunawa leo. Kesho usiombe.

Barafu, mita 4,673. Saa kumi na mbili jioni.

Mawe, upepo, kunguru wenye shingo nyeupe wanaofungua zipu za begi kwa midomo. Mchana umekwisha kwa kulala na kunywa. Kazi iliyobaki ni ya chupa.

Chupa ngumu yenye mdomo mpana inajazwa maji yanayotokota, inafungwa mpaka mwisho, inapinduliwa kuhakikisha haivuji, inavalishwa soksi ya sufu na kuingizwa kwenye mfuko wa kulalia, katikati ya mapaja. Kwanza inapasha miguu, saa tano usiku inaamshwa ikiwa vuguvugu, inakuwa ya kunywa njiani. Maji yaleyale yamefanya kazi mbili bila gesi ya ziada. Soksi za kileleni nazo zinalala humohumo, pamoja na betri za tochi ya kichwani na simu, kwa sababu baridi inanyonya chaji.

Begini chupa hupangwa kichwa chini. Barafu huanza kujitengeneza juu ya maji, na chupa ikiwa imepinduliwa "juu" hapo ni kitakoni, kifuniko kinabaki bila barafu. Mpira wa kunyonyea wa mifuko ya maji ndio unaoangusha wengi. Kila baada ya kunyonya, puliza hewa irudishe maji mfukoni, ficha mpira ndani ya koti. Hata hivyo saa tisa usiku, kabla ya Stella Point, ukingoni mwa kasoko, mita 5,756, mpira utaganda kwenye ncha. Asiye na chupa ya pili atafika Uhuru, mita 5,895, amebeba lita mbili mgongoni na koo kavu. Thamosi ndogo ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi ina uzito wake, lakini huo uzito sijauona ukijutiwa.

Mweka, njia ya kushukia.

Mteremko unakula magoti. Saa chache tu na tumerudi kwenye unyevu, matope na sauti ya kijito. Mito ya mlima huu inalishwa zaidi na mvua ya msituni kuliko na ile barafu ya juu inayopigwa picha. Kule kileleni ni jangwa, na msitu wa kusini unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Wachagga waliyaelekeza maji hayo mashambani kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa ikifuata miinuko, zamani sana kabla ya hifadhi kuwekwa.

Getini, mita 1,640, madumu yamefungwa pamoja matupu, yanagongana. Takataka zinapimwa. Vijana wa kijijini wana brashi na ndoo, wanasafisha buti kwa malipo kidogo: tope la msitu, vumbi la Barafu, vyote vinateremkia mtaroni. Ndoo nzima kwa jozi moja, na ikichafuka wanamwaga, wanajaza nyingine.