Mbwa au paka, ghorofa ya nne

Kwa mtu aliyekulia Uchagani, swali la mbwa au paka halikupaswa kuwa gumu. Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwetu, mbwa alikuwa mmoja wa wenye nyumba: alilala nje, alikula makombo ya ndizi na ugali uliochanganywa na dagaa, na usiku alibweka kwa niaba yetu sote. Paka naye alikuwepo, ila sikumbuki mtu yeyote akimwita kwa jina. Ndiyo maana, tangu nilipohamia kwenye fleti hii ya Upanga, Dar es Salaam, na kuanza kutamani mnyama wa kuishi naye, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa mbwa, na hadi leo moyo wangu uko huko.

Kinachonisumbua ni kwamba mbwa niliyemjua alikuwa na kazi. Hapa getini kuna askari usiku na mchana, kwa hiyo mbwa wangu angekuwa mlinzi asiye na lindo, amefungiwa kati ya sebule na jiko tangu ninapotoka alfajiri kukwepa foleni hadi ninaporudi giza limeshaingia. Mbwa ni mnyama wa kundi, na akiachwa peke yake kwa saa nyingi hulia, hubweka, na hutafuna milango, si kwa utundu bali kwa upweke. Ningelazimika pia kumshusha ngazi angalau asubuhi na jioni ili ajisaidie, na umeme ukikatika lifti husimama.

Ngazi hizo si zangu peke yangu. Majirani zangu wengi ni Waislamu wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu unyevunyevu wa mbwa kuwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee wa ghorofa ya pili hushuka akiwa ameshatawadha kwenda kuswali; sioni kwa nini yeye ndiye ajibanze ukutani akikutana na mbwa wangu aliyelowa mvua. Najua wafuasi wa Malik wana msimamo mwepesi zaidi, lakini sitakwenda kumfundisha fikihi mtu mzima kwenye ngazi anazopanda kila siku. Paka hana kesi hiyo, kwani hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Qatada inasema wazi kwamba si najisi.

Basi hesabu zinaniegemeza kwa paka, ingawa naye ana gharama zake, na sipendi wanaosema kwamba paka hujilea. Hulala zaidi ya nusu ya siku, jambo linaloendana na ratiba yangu, lakini madirisha yangu yana wavu wa mbu ambao kucha zake zitauchana mapema, na wavu uliochanika kwenye ghorofa ya nne ni mlango wa kuangukia. Hawezi kuishi kwa ugali kama mbwa wetu wa nyumbani: mwili wake unahitaji taurini inayopatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu huweza kupofuka au kupata ugonjwa wa moyo. Soko la samaki la Feri haliko mbali, kwa hiyo hilo halinitishi. Beseni la mchanga litasafishwa kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma vilivyomo kwenye kinyesi huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na dada yangu mjamzito hunitembelea mara kwa mara. Chanjo ya kichaa cha mbwa atapata pia. Licha ya jina lake, ugonjwa huo humpata paka vilevile, na binadamu akishaonyesha dalili zake ni nadra sana kupona.

Nimeamua kutafuta jike mzima aliyekwisha kufungwa kizazi, si kitoto, maana kitoto kingeniletea upweke uleule niliouhofia kwa mbwa. Lililokuwa limebaki ni Desemba, mwezi ambao Wachaga tunarudi nyumbani na fleti hubaki tupu. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu amekubali kuingia kumwekea chakula na maji, kwa sharti kwamba beseni la mchanga lisionekane kamwe kwenye korido. Mbwa, jirani huyo asingemkubali kwa sharti lolote.