Nyuso za ukoo wetu kwa mkasi: tulipofikia

Ukuta wa sebuleni, hapa Tororo, sasa una vivuli vya nyuso za vizazi vitatu vya upande wa mama, vilivyokatwa kwa mkasi kwa ubavu, vyote vyeusi juu ya karatasi nyeupe, vyote vikitazama kushoto. Amebaki mjomba wa Busia na watoto wake.

Kazi inaanzia kwenye mwanga. Taa ya darini imetapakaa mno, ukingo wa kivuli unatoka na ukungu. Tochi ya simu imetufaa kuliko zote, maana mwanga wake hutoka nukta moja. Anayechorwa hukaa ubavu, bega likikaribia kugusa karatasi iliyobandikwa ukutani. Simu huwekwa upande wa pili wa chumba, usawa wa sikio lake. Ikisogezwa karibu, kichwa kinavimba na pua inapoteza umbo lake. Watoto wadogo hawatulii, basi nyanya yao huwasimulia hadithi huku mimi nikifuatisha kivuli kwa penseli. Baadaye nakipunguza kwa miraba: mikubwa juu ya mchoro, midogo kwenye karatasi ya kukatia.

Manila nyeusi ya dukani ni nzito, kope zinameguka. Mabaki ya karatasi nyembamba niliyopewa na wachapaji wa Nasser Road, Kampala, yanakatika vizuri zaidi. Natanguliza matundu ya ndani, kama uwazi wa hereni au chini ya fundo la kilemba, wakati karatasi bado ina nguvu ya kushikika. Kisha mzunguko wa nje. Mkono wenye mkasi unatulia. Karatasi ndiyo inayogeuzwa. Binti yangu ameushika ufundi huu haraka sana, na midomo yote ya ukutani ni kazi yake. Midomo ndiyo migumu kuliko yote: ukipunguza unywele mmoja tu, mtu amekuwa mwingine.

Nywele nazikata zilivyo. Nimeona watu wakizilainisha ziwe duara safi, na naona wanapoteza nusu ya mtu. Shangazi anatambulika kwa mkunjo wa kilemba chake kabla hujafika kwenye pua.

Babu hatuna picha yake ya ubavu hata moja. Lakini nilipozipanga nyuso mstari mmoja, mama alinyanyuka akagusa kipaji cha kitinda mimba wetu, kisha cha kaka yangu, akasema, "Huyu hapa mzee." Picha ya kawaida isingetuonyesha hilo, kwa kuwa macho na tabasamu vingetuvuta kwanza.

Kila uso naukata kwenye karatasi iliyokunjwa mara moja, zitoke nakala mbili. Hayo nimeyachukua kwa Auguste Edouart, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1789, ambaye alibaki na nakala ya kila aliyemkata, pamoja na jina na tarehe. Mwaka 1849 meli aliyosafiria ilivunjika karibu na Guernsey, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikapotea. Ndiyo maana nakala zetu za pili hazilali nyumba moja na za kwanza. Kila mwenye uso ameondoka na wake, umeandikwa nyuma jina, mahali na siku.

Watoto nimewaanzishia njia aliyotumia Moses Williams, aliyezaliwa mtumwa na kuachiwa huru, akawa mkataji katika jumba la makumbusho la mchoraji Charles Willson Peale, Philadelphia, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Yeye alikata uso ukatoka katikati ya karatasi nyeupe, kisha akaweka karatasi nyeusi nyuma ya tundu. Kwa mikono midogo ni rahisi zaidi: karatasi inabaki pana ya kushika, na gundi haigusi ukingo wa uso.

Mwisho wa mwezi tunakwenda Busia. Mjomba ameshauliza kama avue kofia. Nimemwambia aje nayo, aliivaa tangu tukiwa wadogo.