Gapi hawajui uzazi wa mpango

Wafugaji wenzangu wa Bukavu, kila anayefika nyumbani ananiuliza nafanyaje gapi, wale samaki wadogo wa urembo, wasijaze akwariamu. Nimebaki na madume tu. Hata hivyo, wao ndio wenye rangi na mikia ya kupendeza! Utawatambua kwa pezi la chini ya tumbo: la dume ni jembamba, limechongoka; la jike ni pana. Kutoa dume peke yake ni kazi bure, maana jike hutunza mbegu mwilini kwa miezi kadhaa na kila baada ya wiki 4 hivi anazaa tena, bila mume.

Shemeji yangu hataki kuachana na majike. Aliondoa majani yote yanayoelea, vitoto vikakosa maficho, wakubwa wakavila, mama zao wakiwemo. Watoto wa nyumbani walinuna. Mimi naona sawa tu, hata mtoni ni hivyo.

Ila msiwamwage ziwani Kivu, tafadhali. Sambaza wenyewe, wale samaki wadogo wanaovuliwa humo, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wageni wanatosha. Shemeji anagawa majike bure, mwenye kutaka aje na ndoo.