Barua ya Umaskini

Wakili wa kwanza tuliyemwendea Dodoma mjini alitaka milioni moja na nusu, nusu yake kabla hajafungua faili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, tukatoka. Tulipofika Jamatini kusubiri daladala ndipo akasema, "Hela hiyo ningekuwa nayo, si ningemrudishia tu yule aliyenunua shamba aende zake?"

Shamba lilikuwa ekari mbili, Ihumwa, la marehemu baba. Tulilima uwele na karanga, na mwaka wa jua kali hatukutoa hata debe. Hakuna aliyelitamani. Serikali ilipohamia Dodoma na Mji wa Serikali ukaota pale Mtumba, hata ndugu ambao hatukuwaona msibani wakaanza kutusalimia. Baba mdogo akaliuza kimyakimya. Baraza la kata likatuambia thamani imevuka milioni tatu, halina mamlaka nalo. Twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwishoni mwa Januari 2021 ilikuwa Wiki ya Sheria, mwaka ambao Mahakama Kuu ilikuwa inatimiza miaka 100, na mabanda yalipangwa Nyerere Square. Nilimdanganya mama kwamba tunafuata dawa ya kuku. Banda moja tukamkuta wakili binti, umri wangu, wa shirika la msaada wa kisheria. Akasoma karatasi zetu moja moja, hasa ile ya Mahakama ya Mwanzo iliyomteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Akasema kesi ipo, na kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 asiye na uwezo hatozwi. Atatusimamia bure. Ila tulete barua ya serikali ya mtaa.

"Barua ya kusema nini?" mama akauliza.

"Kwamba huna uwezo, mama."

Mama akajifunga khanga upya, akainuka. Njia nzima hakusema neno. Usiku, tukila ugali na mlenda, akaanza kuhesabu kwa sauti: mbuzi sita, nyumba ya bati, watoto wanne waliosoma. "Leo nikajiandikishe ombaomba kwa ajili ya shamba langu mwenyewe?" Sikuwa na jibu. Hata mimi iliniuma.

Zikapita wiki tatu. Nadhani kilichomsukuma ni nguzo za uzio alizokuta zimesimikwa kwenye karanga zake. Tukaenda kwa mtendaji, kijana mpole tu, akaandika haraka kisha akatusomea: "...mjane huyu ni maskini wa kutupwa..."

"Futa hapo," mama akamkatiza. "Nani amenitupa?"

Mtendaji akacheka, akaona mama hacheki. Karatasi ya pili ikasema hana uwezo wa kumlipa wakili. Mama akairudia mwenyewe, midomo ikicheza. "Hiyo ni kweli. Gonga muhuri."

Bure yenyewe ilikuwa ya wakili. Ada za baraza, kuchapa, fotokopi, nauli na chakula cha mashahidi wawili kila tarehe ya kesi, hayo yalibaki kwetu, na kesi ikiahirishwa nauli hairudi. Mbuzi wawili wakaenda. Halafu kikundi chao cha vikoba kikabishana jioni nzima kama mfuko wa jamii, ambao ni wa misiba na magonjwa, unaweza kugusa kesi. Bibi mmoja akawamaliza: "Shamba likiondoka na mwenyewe angali hai, huo si msiba?" Wakatoa laki moja na nusu, bila riba.

Kesi ilikwenda karibu miaka miwili. Baraza lilikuja hadi shambani kupima kwa macho, na mwisho likasema baba mdogo hakuwa na haki ya kuuza kisichokuwa chake.

Wiki hiyohiyo mama akabeba kilo kumi za karanga mpaka ofisini kwa yule binti. Akakataa kabisa, sheria haimruhusu kupokea malipo kwa mteja wa msaada.

"Malipo?" mama akasema, akiuteremsha mfuko juu ya meza. "Mimi sina uwezo wa kumlipa wakili. Barua si unayo hapo?"